Viroboto Hawana Siku ya Ibada

Kiroboto wa kwanza nilimkuta kwenye soksi yangu nyeupe, na kwa kuwa mimi ni msomi, sikumuua. Nilimtazama. Alikuwa bapa, wa rangi ya chai iliyokolea, kama mbegu ya ufuta iliyosimamishwa kwa ubavu. Nilipokuwa bado natafuta mfano bora kuliko huo wa ufuta, akaruka, na nadhani wote walionifuata hadi leo ni uzao wake.

Naishi Kianda, upande wa Kibera ulio karibu na mtaa wa Olympic. Nilihamia hapa kwa muda, niandike kitabu kuhusu watu wanaoishi kwa muda. Kitabu hakijaisha, na muda nao haujaisha. Ploti yetu ni safu mbili za vyumba vya mabati vinavyotazamana, katikati uwanja mwembamba wenye bomba moja na kamba za nguo. Kwa kuwa uwanja umeinama, tunasema upande wa juu na upande wa chini. Wa juu wengi walitoka ziwani, na wanasali Jumamosi. Wa chini wengi walitoka Machakos na Kitui, na wanasali Jumapili. Mimi niko chini, na sisali siku yoyote, jambo ambalo majirani wananisamehe kwa sababu wanaamini linatokana na kusoma sana.

Ukuta ulio kati ya chumba changu na cha jirani yangu haufiki kwenye paa. Kupitia pengo hilo nilipata dua zake za alfajiri, harufu ya maharagwe yake, na paka wake. Jirani huyo ni mjane wa Kitui, amenizidi umri kidogo, anapika githeri na kuiuza kando ya barabara. Magunia yake ya mahindi na maharagwe hulala chumbani pamoja naye, hana pengine pa kuyaweka. Paka, wa kijivu, mwenye sikio lililochanika, alilala juu ya magunia hayo. Kabla hajaja, panya walikuwa wakiyatoboa, na mwuza githeri anayejulikana kuwa na panya anaweza kwenda nyumbani Kitui akalime. Kwa hiyo paka hakuwa wa kubembelezwa. Sikumwona hata mara moja akimpakata. Lakini akiwachinjia wageni kuku, shingo ilikuwa ya paka.

Viroboto walipozidi, kila mtu alijua wametoka wapi, na kila mtu alijua kitu tofauti. Keateka wetu, msimamizi wa ploti, ana mbwa, jibwa la kahawia linalofungwa getini kwa mnyororo, na mbwa huyo hujikuna mpaka mnyororo unapiga kelele kama kengele ya shule. Mimi nilisema ni mbwa. Wengine walisema ni paka. Hakuna aliyesema ni mbwa mbele ya keateka, isipokuwa jirani yangu.

Keateka aliita mkutano hapo bombani, Alhamisi jioni, watu wakiwa wametoka vibaruani. Mama mmoja wa upande wa juu alimwinua mtoto wake tuone miguu. Ilikuwa na vipele kutoka vifundoni hadi magotini.

"Si mnaona? Mtoto ni kama amenyunyiziwa ufuta," akasema. Nikaumia kidogo kwamba mfano wangu haukuwa wangu peke yangu.

"Ni hiyo paka," akasema keateka. "Inazunguka nyumba zote. Juu inaingia, chini inaingia."

"Na mbwa yako je?" akauliza jirani yangu. "Hiyo inajikunia nini pale? Furaha?"

Watu wakacheka wakiangalia chini. Keateka hakucheka. "Mbwa ni wa kazi, mama. Landilodi ndiye alimleta. Paka ni wako."

"Wacheni Prof aongee," akasema fundi viatu wa upande wa juu, ambaye kila siku hutafuta nafasi ya kuniona nikiongea. "Omera, ndugu yangu, si ulisomea vitu? Tuambie."

Nilisomea fasihi. Lakini nilikuwa nimesoma kuhusu viroboto wiki nzima kwenye simu, na mtu aliyesoma kitu kwa wiki nzima ni hatari kuliko aliyekisoma kwa miaka. Nikawaeleza. Viroboto mnaowaona kwa paka ni wachache kati ya wengi. Mayai yanadondoka popote paka anapolala, kwenye nyufa za sakafu, chini ya kapeti la plastiki, ndani ya godoro. Yanakuwa mabuu, kisha mabuu yanajifungia ndani ya vifuko ambavyo dawa haiingii, na humo yanangoja hata miezi. Yakisikia mtikisiko wa mtu anayetembea, yanatoka. Kwa hiyo, nikasema, haisaidii kufukuza mnyama. Lazima vyumba vyote vipigwe dawa siku moja, vitu vyote vitolewe nje juani, mbwa na paka watibiwe siku hiyo hiyo, na turudie baada ya majuma machache.

Fundi viatu akaangalia miguu yake.

"Kwa hivyo wakisikia nikitembea ndio wanatoka," akasema fundi viatu.

"Ndiyo."

"Basi dawa ni tusitembee."

Walicheka mpaka mama mwenye mtoto akacheka. Hata hivyo walikubali. Nakiri nililala nikiwa na furaha. Nilikuwa nimefundisha miaka mingi bila kuona mtu akitenda nilichosema.

Tatizo lilikuwa siku. Siku za kazi haziwezekani, maana hakuna anayeweza kuacha godoro lake uwanjani na kwenda mjengoni. Ikabaki Jumamosi au Jumapili. Watu wa juu wakasema Jumamosi ni Sabato, hawawezi kubeba hata stuli. Watu wa chini wakasema Jumapili ni ya Bwana, na kwaya ina wimbo mpya. Keateka akapendekeza Ijumaa jioni, wa juu wakamkumbusha kwamba jua likizama Ijumaa Sabato imeshaingia. Nilipanda juu nikabembeleza, nikashuka chini nikabembeleza. Nikamwambia fundi viatu kwamba hata ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato anatolewa.

"Ng'ombe, ndiyo," akasema. "Kiroboto, wapi imeandikwa?"

Mwishowe wakapatana kwa amani kamili, amani ambayo nimekuja kuiogopa kuliko ugomvi. Upande wa chini wangepiga dawa Jumamosi, wa juu wangepiga Jumapili. Kila mtu akaridhika kwamba imani ya mwenzake imeheshimiwa. Nikasema, jamani, mtakuwa mnawahamisha tu. Wakaniambia nisiwe na wasiwasi, dawa ni ile ile.

Jumamosi tulitoa kila kitu. Jua la asubuhi hupiga upande wa juu, kwa hiyo tuliegemeza magodoro yetu kwenye kuta zao. Wenyewe walikuwa kanisani, milango imefungwa, nyufa wazi. Jumapili wao wakatoa vyao, na baada ya chakula cha mchana, jua lilipogeuka, wakayaleta magodoro yao kwenye kuta zetu. Kwa kuwa sikuwa na kanisa, niliombwa kulinda vitu siku zote mbili. Niliketi kwenye stuli uwanjani, nikawa, nadhani, mtu pekee Kianda aliyeumwa na viroboto wa imani zote mbili. Paka alitumia akili. Jumamosi, harufu ilipomzidi huku chini, alipanda kulala kwenye dirisha la fundi viatu. Jumapili akashuka. Jirani yangu alimkamata jioni akampaka dawa ya unga aliyoinunua agrovet, duka la dawa za mifugo, akanionyesha mikwaruzo mikononi kama mtu anayeonyesha risiti. Mbwa hakuguswa. Mbwa alikuwa kazini.

Kwa siku chache palitulia. Nilitembea chumbani kwa vishindo makusudi, nikiwaita watoke. Kisha wakatoka.

Keateka hakuita mkutano tena. Alisimama mlangoni pa jirani yangu, nami nikasikia kila neno kupitia pengo la ukuta.

"Mama, tumejaribu. Kila mtu ameona tumejaribu. Sasa ni paka ama ni wewe."

"Na panya je?"

"Panya haziumi watu."

"Zinakula watu," akasema. "Zikila hii gunia zimenikula mimi."

"Hiyo si mimi. Ni ploti imesema."

Nilitoka nikaanza tena habari za vifuko na mabuu na mbwa. Keateka akanisikiliza kwa heshima yote, kama anavyosikilizwa mtu anayehutubia matangani, kisha akanishika bega. "Prof, wewe ni mtu mzuri. Lakini hii nyumba si yako, na ile si yake." Nikarudi ndani.

Wanasema paka akiachwa popote upande huu wa barabara ya Ngong atarudi. Lazima avushwe, tena gizani mwa gunia, na gunia lizungushwe njiani ili apoteze dira. Jirani yangu aliamua Kawangware, kwa sababu kuna soko na mabucha, paka hawezi kufa njaa. Alikataa mtu mwingine amshike. Mimi nilikwenda naye kwa sababu sikuwa na kazi, na kwa sababu nilihisi kwamba mpango ulioshindwa ulikuwa wangu. Mtu wa boda boda tuliyemsimamisha aliangalia gunia likijipindua.

"Mathe, hiyo gunia inaongea."

"Ni kuku."

"Kuku inasema nyau?"

Tukatembea. Tulipovuka barabara jirani yangu alisimama kando, akalizungusha gunia taratibu, kama anayepepeta, midomo ikitembea. Sijui kama alikuwa anaomba au anamtukana keateka. Nyuma ya safu ya mabucha ya Kawangware alifungua mdomo wa gunia. Paka hakutoka. Ilibidi amtikise. Akaanguka kwa miguu yote minne, akaingia chini ya kibanda bila kutuangalia. Jirani yangu alikunja gunia vizuri, akaliweka kwapani, akasema, "Twende kabla hajajua ni sisi."

Viroboto hawakuondoka. Sikutarajia waondoke, lakini kuwa sahihi hakuzuii kuwashwa. Ila sasa hawakuwa na paka wa kunyonya, wakageukia wapangaji kwa bidii mpya. Fundi viatu alikuja kunipigia hodi, suruali ameipandisha hadi magotini. "Prof, ni kama wanatafuta paka ndani yangu." Getini mnyororo uliendelea kupiga kengele. Keateka akasema tuwe wavumilivu, hao ni mabaki.

Panya walirudi kwanza kama mtu anayepita kusalimia, kisha wakahamia. Niliwasikia ndani ya magunia kupitia lile pengo, na nilimsikia jirani yangu akipiga ukuta kwa kiatu. Alianza kuchagua mahindi mara mbili kabla ya kuyachemsha, akiinama karibu kabisa na ungo, macho yake si ya zamani. Halafu mteja mmoja, mvuta mkokoteni aliyekula kwake miaka yote, alipata kitu kwenye sahani. Hakugombana. Alisukuma sahani mbele, akaondoka, na kesho yake alikuwa anakula kwa mwanamke wa upande wa pili wa barabara, na wenzake wote walikuwa pamoja naye.

Jirani yangu alikuja mlangoni kwangu Jumapili, amevaa nguo za kanisani, bila kwenda kanisani. "Mwalimu, nisindikize. Nataka paka yangu."

Nilimwambia keateka hatakubali. Akasema hilo tutaliona tukifika naye.

Kawangware yote ina paka, na wengi ni wa kijivu. Tulianza nyuma ya mabucha, tukapita vichochoro vya nyuma ya soko, yeye mbele. Ndipo nilipogundua kwamba hakuwahi kumpa jina. Alikuwa anamwita vile alivyozoea kumwita nyumbani: "Wewe! Wewe!" Watu wakawa wanageuka. Mwanamume aliyekuwa ananyoa mtu nje ya kinyozi akasimamisha mashine. "Mimi, mathe?"

"Si wewe. Paka."

"Hata kama," akasema yule anayenyolewa, "angeita tu kwa heshima."

Mchuuzi wa vitunguu alimwonea huruma, akavuta katoni kutoka chini ya meza. Ndani mlikuwa na vitoto vya paka, macho yamefunguka majuzi tu. "Chukua moja, mama. Chukua hata mbili, zinanisumbua."

Jirani yangu akachukua kimoja, akakigeuza tumbo juu, akapuliza manyoya kwa jinsi anavyopuliza makapi. Nami niliwaona viroboto. Walikimbia kutoka kwenye mwanga, wengi, wakaingia kwenye kinena. Akakirudisha katonini, akakisukuma kwa kidole mpaka kikakutana na wenzake.

"Sasa?" akauliza mchuuzi.

"Asante. Wakae na mama yao."

Tuligeuka kurudi. Karibu na barabara, juu ya paa la bucha ambalo hatukuwa tumefika, alikuwa ameketi paka wa kijivu. Jua lilikuwa nyuma yake, sikuweza kuona kama sikio lilikuwa zima. Jirani yangu alisimama. Nilingoja aite. Hakuita.

"Si yeye?" nikamwuliza.

"Sijui."

"Sogea tuone."

"Na akiwa yeye, mwalimu? Nitampeleka wapi?"

Juu ya paa paka aliinua mguu wa nyuma akajikuna shingo, kwa nguvu, kwa muda mrefu, macho ameyafumba. Tulisimama tukimwangalia hadi alipomaliza, akaruka upande wa pili wa paa.