Mwenyekiti Aliyechaguliwa Akiwa Nje

Basi liliniteremsha Ballinderg saa saba mchana, mvua ikinyesha ile isiyo na haraka, nami sijui nishike njia ipi. Niliona baa tatu, kanisa moja na duka la dawa. Kisha nikanusa kahawa ya tangawizi, ile niliyoinywa miaka sita Omdurman, nikaifuata mpaka ukumbi wa timu ya mpira. Mlangoni alisimama mwanamke mrefu, amejitanda tobu, shuka refu la Kisudani, ya rangi ya chungwa juu ya koti la mvua.

"Wewe ndiye mwandishi? Umechelewa," akasema. "Lakini usijali, sisi tutachelewa zaidi."

Huyo alikuwa Daktari Sittana Abusin. Kazi yake ni nusukaputi: kuwalaza watu wapasuliwe, kisha kuwaamsha. Alizaliwa Atbara, kaskazini mwa Sudan, binti wa fundi wa reli, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akifanya kazi Ireland kwa mikataba ya miezi sita sita. Miji kumi na minne. Kila alipohama alimwachia Msudani mmoja sufuria kubwa, kwa kuwa hakuwa na pa kuibeba.

Siku ile alitaka jambo moja tu: chama cha madaktari wa Sudan walioko Ireland kizaliwe kabla ya saa kumi na moja jioni. Saa kumi na moja na nusu alikuwa na basi la kwenda uwanja wa ndege. Hospitali ya kwao Atbara ilikuwa imejaa majeruhi wa vita na haikuwa na mtu wa nusukaputi. Hakuwa amewaambia wenzake. Mimi aliniambia kwa simu, akaniapisha ninyamaze.

Aliyekihitaji chama kuliko wote alikaa safu ya nyuma: Tasabih, daktari wa miaka ishirini na tisa. Chuo chake kiliungua vitani pamoja na majalada yote, na sasa alikuwa akipakia samaki kiwandani. Baraza la waganga lilimwandikia kwamba lingepokea barua ya ushahidi wa masomo yake kutoka chama cha madaktari kilichosajiliwa. Fomu ya usajili ilitaka wanachama ishirini na mwenyekiti mmoja anayeishi nchini. Wanachama walikuwa arobaini. Mwenyekiti ndiye aliyekosekana, kwa mara ya tatu.

Saa nzima ya kwanza ilikwenda kwa Fatiha. Vita havikuacha nyumba. Kila aliyeingia aliinua mikono kuwapa pole wafiwa, na ukumbi mzima ukainua naye. Hakuna aliyethubutu kuharakisha, hata Sittana. Baada ya hapo ikaja adabu, na adabu ndiyo iliyoua mikutano miwili iliyotangulia. Kwao, anayeomba uongozi hapewi, na anayepewa asipokataa mara tatu huonekana ana njaa ya cheo.

"Daktari Haidar, wewe mkubwa wetu," alisema mmoja.

"Mimi? Watoto wangu wenyewe hawanisikii! Mpeni Awadelkarim."

"Wallahi mkinipa mimi nahamia Kanada."

Mmoja tu hakuwa na adabu hiyo: Bushra Karrar, daktari wa upasuaji, kichwa cheupe, sauti ya radi. "Chama! Mimi chama kilinilaza rumande Khartoum miezi saba. Kunyweni chai mwende makwenu!"

Walicheka. Lakini kila ubishi ulipozuka, macho yalimgeukia yeye. Sittana naye aliliona hilo.

"Kaka yangu Bushra," akasema kwa upole, "gari lako limeziba lango la padri."

"Halijaziba."

"Limeziba, na padri ana maziko."

Bushra akatoka akinung'unika. Mlango ulipofungwa tu, Sittana akapiga meza. "Upesi! Nani anamwamini Bushra?"

Mikono yote ikapaa. Aliyeko nje angekataaje?

Bushra akarudi ameloa. "Sittana! Gari langu na hilo kanisa yako mbali kama Halfa na Nyala!" Makofi yakamlaki. "Mnapiga makofi ya nini?"

"Yako, mheshimiwa mwenyekiti," Sittana akajibu.

"Talaka juu yangu, sishiki!" Bushra akaapa.

Mkewe, Nafisa, hakuinua hata macho kwenye birika. "Baba Yasir, uliapa kuniacha kwa ajili ya kondoo wa Haidar. Umeniacha kwa chai ya jirani. Mwezi uliopita uliniacha kwa sababu fundi bomba kakataa kula. Haya, niache na leo, useme utakula wapi."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Bushra hakucheka. "Kwa nini si wewe, Sittana? Wewe ndiye uliyetufuata mji kwa mji."

"Kesho kutwa niko Atbara."

Kicheko kikakatika. "Dada," Haidar akanong'ona, "kule mabomu yanashuka kutoka angani."

"Najua. Na watu wanapasuliwa macho wazi."

Bushra aliketi. Kisha akageukia safu ya nyuma. "Binti, upasuaji alikufundisha nani?"

"Daktari Zubeir, Mungu amrehemu," Tasabih akajibu.

"Alikuwa akifunga fundo vipi?"

"Kwa mkono wa kushoto. Huku akigombana na nesi."

"Kweli kabisa. Alianza ugomvi huo tukiwa wanafunzi." Akafuta uso. "Leteni kalamu. Na kiapo changu nitakilipia kwa kufunga siku tatu."

"Alhamdulillahi," Nafisa akasema. "Nami nitapumzika na jiko."

Fomu ilitiwa saini saa kumi na moja kasorobo. Tulimsindikiza Sittana kituoni sote, Tasabih akiburuta sanduku. Sittana alimshika kidevu. "Barua yako ndiyo ya kwanza. Bushra akikuzungusha, mwambie Nafisa."

Basi likaja. Alikaa nyuma ya dereva, na kabla ya mlango kujifunga nilimsikia akimuuliza ni lini alipima presha mara ya mwisho. Dereva aligeuka kumjibu. Kisha wakaondoka, nasi tukabaki kando ya barabara, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kurudi ndani.