Matangazo ya Nyumba ya Wazee

Katika mtaa wa Qubbe, juu kidogo ya mji wa Tripoli, hakuna mlango ambao Nazihi hajaugonga. Yeye ndiye mtu wa intaneti. Laini moja nene inamfikia kutoka mjini, naye anaigawa kwa nyaya zinazopita juu ya mapaa, balkoni hadi balkoni, katikati ya nguo zilizoanikwa na matangi ya maji, mpaka zimefika nyumba mia moja na themanini. Ana umri wa miaka arobaini na tisa, ngazi ya alumini begani, na simu isiyojua kunyamaza. Hajaoa, na wambea wetu walishachoka kuuliza kwa nini. Anaishi na mama yake, Umm Nazihi, ghorofa ya tano, katika jengo ambalo lifti yake imegeuka stoo ya mafagio tangu umeme wa serikali uanze kuja kwa saa mbili tu kila siku.

Kisa chenyewe kilianza mwezi wa Machi, asubuhi, jikoni kwa Umm Khodor. Mama huyo alikuwa akitafuta kwenye simu namna ya kujaza wali kwenye mumunye bila kulipasua. Kabla mapishi hayajafunguka, likatokea tangazo: bibi mwenye mvi anacheka peke yake mbele ya bakuli la matunda, na chini yake maandishi, "Mzazi wako anastahili kupumzika. Nyumba ya wazee, hewa ya milimani, wauguzi usiku na mchana."

Umm Khodor hakumaliza mapishi. Alishuka na kandambili hadi kwenye saluni ya mwanawe kinyozi, akamkuta amemnyoa mteja shavu moja, akamwekea simu puani.

"Hii nini, Khodor? Umeshanitafutia pa kunitupa?"

"Mama! Wallahi sijui hata unasema nini."

"Hujui? Na hii simu imejuaje?"

Ingekuwa yake peke yake, tungecheka tukasahau. Lakini kufikia siku ya pili bibi yule wa matunda alikuwa kwenye kila simu mtaani. Ukifungua habari, yupo. Ukitazama hali ya hewa, yupo. Kwetu mama anapompakulia mwanawe chakula humwambia "unizike", yaani nitangulie mimi kufa, na hakuna neno tamu kulizidi hilo. Lakini mtajie huyo huyo nyumba ya wazee uone utarushiwa nini. Kila mzee akaanza kuwatazama wanawe kwa jicho la pembeni. Haji Misbah, fundi cherehani mstaafu, akawa anapanda ngazi mbili mbili kila mkaza mwanawe alipokuwa karibu, kisha anakaa nyuma ya mlango kuitafuta pumzi yake. Wengine walificha dawa za presha. Umm Nazihi peke yake hakumuuliza mtu lolote, na watu wakasema ana sababu gani ya kuuliza, mama mwenye mwana kama yule.

Haikuchukua muda ujumbe wa majirani ukafika kwenye kijichumba chini ya ngazi, ambako Nazihi anaweka mitambo na betri zake. Mbele alikuwa Umm Khodor.

"Nazihi mwanangu, haya mambo yanapitia kwako. Tuambie ni nani."

"Nani wa nini, mama?"

"Usijifanye mjinga. Nani anatafuta nyumba ya wazee?"

Nazihi akafuta mikono kwenye suruali. "Sikilizeni. Huko nje hawaoni nyumba mia moja na themanini. Wanaona laini moja. Kwa watu wa matangazo, mtaa huu wote ni nyumba moja yenye mtu mmoja anayependa mpira, mumunye na dawa ya mvi. Mmoja akitafuta kitu, wote mnapakwa."

"Kwa hiyo ni mtu mmoja tu?" aliuliza Haji Misbah.

"Yawezekana."

"Basi mtaje huyo mmoja, tumalize."

"Haji, mimi naona mabomba, sioni maji. Sijui nani anatafuta nini, na sitaki kujua."

Nusu ya maneno hayo yalikuwa kweli. Alikuwa hajui. Kutaka, alitaka sana, maana Nazihi ni mtu ambaye akiona kisanduku kimefungwa hawezi kula mpaka akifungue. Mchana huo aliagiza mkate wake wa maghrabiya, uliojazwa punje za ngano na vitunguu, akakaa mbele ya kompyuta, akajiuliza kitu ambacho kwa miaka ishirini ya kugawa intaneti hakuwahi kujiuliza: tangazo linapofika kwenye simu, limepita wapi?

Akafungua ukurasa mmoja tu wa habari, wa bei ya mkate, na programu ya kuhesabu ikiwa pembeni. Kabla kichwa cha habari hakijatulia, kompyuta yake ilikuwa imezungumza na anwani sitini na tatu. Akadhani amekosea. Akarudia. Sitini na tatu, na yenye habari ni moja. Zilizobaki zilikuwa za matangazo, na za wale wasioonyesha chochote ila kunusa tu: umetoka wapi, umekaa dakika ngapi, kidole chako kimesita juu ya nini. Akajaribu hali ya hewa: hamsini na nane. Mapishi ya mumunye ya Umm Khodor: arobaini na moja. Maghrabiya ikapoa. Alishapanda mapaa kwenye mvua kwa ajili ya intaneti inayosuasua, alishawasingizia panya na njiwa wa Haji Misbah, kumbe nusu ya laini yake inaliwa na watu wasiomjua, wanaochungulia madirisha ya mtaa wake. Alikasirika, ndiyo, lakini zaidi alishangaa, na akataka kuona zaidi.

Wiki nzima hakuzungumza kingine. Mwishowe alinunua kompyuta ndogo inayoenea kwenye kiganja, akaipachika kati ya laini na mtaa. Kazi yake ilikuwa rahisi. Kila simu inapotaka anwani yoyote, inaiuliza kwanza kompyuta hiyo. Ikiwa anwani imo kwenye orodha ya matangazo na wafuatiliaji, simu inajibiwa kwamba hakuna kitu kama hicho, nayo haisubiri, inaendelea na shughuli zake.

Aliiwasha Alhamisi asubuhi. Kabla ya adhuhuri Haji Misbah alikuwa akiita kutoka balkoni.

"Nazihi! Umeongeza laini?"

"Sijaongeza, Haji. Nimewafukuza wageni."

"Basi wafukuze kabisa! Nimegusa tu, habari imefunguka, hata miwani sijavaa!"

Bibi wa matunda alitoweka. Lakini fitina aliyoiacha haikutoweka, kwa sababu Umm Khodor alikuwa bado hamsemeshi mwanawe. Jumamosi ya wiki iliyofuata Khodor mwenyewe alishuka hadi kijichumba cha chini ya ngazi, macho mekundu.

"Kaka Nazihi, nyumbani sipewi hata kahawa. Mama anaipika, anainywa mbele yangu. Nitajie huyo mtu nijisafishe."

"Nimeshasema sijui."

"Hiki kidude chako hakijui?"

Hapo ndipo alipopatikana. Kidude kilijua. Kilikuwa na ukurasa wake kinakoandika kila nyumba kwa namba yake, imeuliza nini na saa ngapi. Siku ya kwanza Nazihi alidhamiria kuyazima maandishi hayo, akasema atayazima kesho, na kesho akasema kesho. Khodor alipoondoka, alifunga mlango kwa ndani, akaandika jina la ile nyumba ya wazee, akabonyeza.

Nyumba kadhaa zilikuwa zimefungua tovuti yake mara moja moja, bila shaka kwa hasira. Nyumba moja tu ilikuwa imerudi kila siku. Saa nne na dakika kumi asubuhi. Saa nne na arobaini. Saa tano kasoro. Kila siku, nusu saa, wakati mwingine saa nzima.

Ilikuwa namba moja. Nazihi alicheka, akidhani mtambo umekosea. Namba moja ni nyumba yake mwenyewe, ndiyo aliyoiunganisha kwanza alipoanza kazi. Saa hizo za asubuhi yeye huwa juu ya mapaa, na nyumbani hubaki mtu mmoja tu.

Kicheko kilimkauka. Kwanza aliona haya, kama mtu aliyefungua barua isiyo yake, kisha akaogopa. Mama yake anajiona mzigo. Nimemwambia nini? Nimenuna lini? Alijihoji hivyo bila kupata jibu, na alichofanya baadaye hakukifikiria hata kidogo. Alifungua orodha ya anwani zinazozuiwa, akashuka mpaka chini, akaongeza moja kwa mkono wake: tovuti ya ile nyumba ya wazee. Kisha akayazima yale maandishi, kwa mara hii kweli, na kumpigia Khodor.

"Mwambie mama yako si wewe. Mwambie mimi nimesema."

"Nani basi?"

"Nimesema si wewe. Kanywe kahawa yako."

Hakuna anayetilia shaka neno la Nazihi mtaani kwetu, kwa hiyo kahawa ilipatikana, ingawa ilikuja na uso wa kukunja.

Siku tatu zikapita. Nazihi alirudi nyumbani mapema kila siku, akiwa na halawa ya jibini, na zabibu, na skafu ambayo mama yake hakuihitaji. Siku ya nne walikuwa wanakula dengu na wali, na Umm Nazihi akasukuma sahani pembeni.

"Nazihi, huu mtandao wako mbovu."

"Mbovu? Mama, mtaa mzima unanisifu."

"Wakusifu tu. Mimi kuna ukurasa mmoja haunifungukii tangu Jumamosi."

"Upi?"

"Ule wa milimani, Dinniyeh. Nyumba ya wazee."

Alilisema kama anayetaja duka la mkate. Nazihi alikuwa amejiandaa kwa machozi, na amejiandaa kubembeleza, si kwa hili.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nani amekutaja wewe?" Umm Nazihi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni. "Ngazi themanini na nane, mwanangu. Tangu Idi kubwa sijakanyaga chini."

"Nitakubeba."

"Ulinibeba mara mbili, wiki nzima ukawa unalia mgongo. Mimi tangi la maji? Kule chumba kiko chini, unafungua mlango unatoka bustanini. Na kuna wanawake wanne wanacheza kete za tawla kila asubuhi, nimewaona kwenye video yao. Yule mwenye skafu ya kijani anaiba kwenye kete. Nimemwona kwa macho yangu! Na wenzake mazezeta hawaoni. Mimi nikifika pale hamalizi wiki."

"Watu watasema nini?"

"Watasema. Si umewawekea mtandao wa kasi? Watasema upesi wamalize."

Nazihi alitaka kucheka, ikashindikana. "Na mimi je?" alisema, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu wa miaka arobaini na tisa.

Mama yake akageukia dirisha.

"Wewe uko mapaani tangu asubuhi, roho yangu. Nakuona hapa dirishani. Huwa nakupungia mkono. Huoni, unatazama nyaya."

Hakuna aliyekula tena. Nazihi aliinuka, akaleta kompyuta yake, akaiweka mezani kati ya sahani. Alifungua orodha, akashuka mpaka chini kabisa, akaifuta ile anwani. Hakuhitaji kuitafuta, na Umm Nazihi hakuwa mtu wa kupitwa na kitu kama hicho.

"Umejuaje pa kugusa?"

Nazihi akaisogeza kompyuta pembeni.

"Nazihi. Wewe ndiye uliyefunga?"

"Ndiyo, mama."

"Uliona natafuta, ukafunga, ukaniletea zabibu?"

"Ndiyo."

"Siku zote hizo mimi nasema labda mvua," alisema mama yake taratibu, na hicho ndicho kitu pekee mchana ule kilichomtetemesha sauti. Nazihi alitamani mama yake ampige kofi, amtukane, chochote. Mama hakufanya. Alivaa miwani yake, akaichukua simu, akagusa kwa kidole kimoja.

Ukurasa ulifunguka papo hapo, mweupe, bila tangazo hata moja. Bustani, korido, wanawake wanne mezani.

"Ee! Unaona? Ulikuwa unachukua dakika nzima," alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Akateremka na kidole, akisoma kwa sauti ile ya watu waliojifunza kusoma ukubwani. "Wageni wanakaribishwa kila siku isipokuwa Ijumaa. Saa nne asubuhi hadi saa nane." Akamtazama juu ya miwani. "Saa nne asubuhi wewe utaweza?"

Nazihi alisema ataweza. Alisema atafunga kijichumba, atazima simu, mtaa wote ukatike akitaka kukatika, naapa kwa Mungu, mama, kila siku, naapa.

"Usiape," alisema Umm Nazihi. "Njoo tu."