Uduvi wa Mama Mshona Sare

Nani kasema mpangaji wa chumba kimoja hana haki ya kupenda kitu? Jirani yangu, mama mshona sare, anafuga uduvi wa maji baridi kwenye tangi la kioo kando ya cherehani. Maji ya bomba huyalaza kwenye ndoo siku nzima dawa itoke, kisha huyadondosha tangini kwa mrija mwembamba, midomo ikihesabu matone. Mkono wenye sabuni hausogei pale, hata uwe wa mwanawe.

Jana msimamizi wa nyumba aliona ganda jeupe limelala ndani ya tangi, chini kabisa.

“Mama, wadudu wako wanakufa, watanuka nyumba nzima. Kesho naja na wapagazi walitoe tangi hili.”

“Hajafa, mwanangu, kajivua gamba akue. Wewe ukivua shati tukuzike?”

Majirani tuliangua kicheko. Mama mwenyewe hakucheka. “Njoo,” alisema. “Utanikuta.”

Leo asubuhi msimamizi alifika na wapagazi wake, akakuta cherehani imeziba mlango mzima, na mama nyuma yake anashona.

“Nibebeni mimi kwanza,” aliwaambia wapagazi bila kuinua macho. Wakatazamana, wakakunja kamba zao, wakamwacha msimamizi akifoka peke yake.