Pampu ya Bibi

Krrr, krrr, kisha kimya. Sauti ya spana ile ilimganda masikioni: fundi mkuu aking'oa pampu ya mafuta kutoka kwenye helikopta kuukuu mwisho wa banda, na yeye amesimama pembeni, kwa kuwa ndiye aliyeamuru.

Alikuwa mhandisi mwandamizi wa ugavi katika kikosi cha anga. Kazi yake, alizoea kumweleza mama yake, ni kuhakikisha kipuri kimefika kabla kilichopo hakijafa.

"Kumbe wewe ni mganga wa vyuma," mama akamjibu.

Lakini vipuri havikuja, miaka nenda miaka rudi. Makao makuu walisema subirini, naye akajifunza kuvua huku ili avike kule. Helikopta ile kuukuu mafundi waliiita Bibi, maana haikuwa na choyo: ukiiomba, inavua, inakupa.

Asubuhi ya mafuriko, helikopta iliyoweza kuruka ilikuwa moja tu, nayo pampu yake ya mafuta ya giaboksi ilivuja. Rubani wake alikuwa mdogo wa mhandisi, kitindamimba wa nyumba yao. Dada mtu akampa pampu ya Bibi. Kijana akaruka, akawatoa watu juu ya mapaa, akarudi, akaenda tena. Safari ya mwisho ukungu ukamfumba macho, akaanguka mlimani. Alikuwa hai, miguu imevunjika, redio bado inasema. Barabara zote zilikuwa zimesombwa na maji.

Sasa yeye na mafundi walimzunguka Bibi, ili aruke kumfuata kijana. Walikuwa wamemrudishia kila walichoweza, na mahali pa pampu wamefunga ile mbovu, baada ya kuiziba, kuikaza na kuiombea.

"Washa," mhandisi akasema.

Mshale wa shinikizo la mafuta ukapanda, ukasita, ukaanza kushuka.

"Zima. Kazeni upya. Washa."

Ukashuka tena.

"Dada, hii itanifikisha," alisema rubani wa pili, kofia tayari kichwani. "Kwenda na kurudi tu."

"Itakufikisha nusu."

"Basi nusu ya kwenda nichukue mimi, ya kurudi tutajua huko huko."

Nyuma yake wenzake watatu walikuwa wamekwisha kufunga mikanda.

Mkuu wa kikosi akamvuta kando. "Yule ni wa tumbo moja na wewe. Ukisaini Bibi aruke, hakuna atakayekuuliza."

"Na mama zao hawa wanne, afande? Watamuuliza nani?"

Hakusaini. Lakini hakuondoka pia. Aliamuru wajaribu mara nyingine, na nyingine, akiubembeleza mshale ule kwa macho kama anayemlisha mgonjwa asiyetaka kula. Mafuta yakachuruzika sakafuni, meusi, yakafika kwenye viatu vyake. Akawaambia wanne wale washuke, wachukue machela na kamba.

Redio ikakoroma.

"Dada?" Sauti ya mdogo wake ilikuwa imepwaya. "Pampu yako safi sana. Haikutoa hata tone."

"Usiongee sana."

"Nawachekesha tu. Huku kuna baridi, dada. Bibi ameshatoka?"

Fundi mkuu akageuka, akajifanya anatafuta spana. Mhandisi akaileta redio karibu na midomo, akaikinga kwa kiganja, ili banda zima lisimsikie.

"Jifunike vizuri, mdogo wangu," akasema, kwa sauti ya chini sana. "Wanakuja kwa miguu."