Mti wa Mepo Alioutaka Mke Wangu

Mke wangu ni mkunga. Kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza Kisumu na baadaye hapa Durban, amepokea watoto wa watu kwa mikono yake. Novemba ile, binti yetu wa pekee alipompoteza mtoto akiwa na mimba ya miezi saba, alikuwa Japani, alikokwenda kusoma na kuolewa, na mama yake alikuwa jikoni kwetu, mtaa wa Queensburgh, akipasha chai kabla ya kwenda zamu.

Mkwe wetu ndiye aliyepiga simu. Kiingereza chake ni cha kuokoteza, na Kijapani sisi hatukijui. Alirudia kuomba radhi, kana kwamba ni yeye aliyekosea. Mke wangu alimuuliza maswali ya kikazi, damu imetoka kiasi gani, presha ikoje, nani yuko naye, na yule kijana hakuweza kujibu hata moja.

Hatukuweza kwenda. Vibali vyetu vya kuishi hapa vilikuwa vimepelekwa kuongezwa muda, na ukitoka nje ya nchi wakati huo huna hakika ya kurudi. Binti mwenyewe naye hakutaka tuende. Alisema kupitia mumewe kwamba hawezi kuongea na mtu yeyote. Mama yake akawa anamwandikia kila asubuhi. Siku ya tisa ikaja picha moja bila neno: mti mdogo wenye majani mekundu, umepigwa picha kutoka dirisha la hospitali.

Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda akiitazama.

"Baba watoto," akasema, "nautaka mti huu. Nataka uwe hapa kwetu."

Sikumuuliza kwa nini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu simu ile kusema anataka kitu.

Jumamosi tukaenda kwenye kitalu kimoja cha miche upande wa Pinetown. Aliyetuhudumia alikuwa Mkongomani wa makamo. Alipotusikia tukiongea, akaacha Kiingereza, akaongea Kiswahili cha kwao. Akatupeleka nyuma kabisa, chini ya wavu wa kivuli, kwenye vyungu sita vya mepo, ule mti wa Kijapani wa kwenye picha. Vinne vilikuwa vya majani ya kijani, mapana kidogo kama kiganja cha mtoto. Viwili vilikuwa vyekundu, majani yamechanika membamba kama uzi, matawi yakiinama. Alitueleza kwa subira kwamba mti huu ni wa nchi ya baridi. Huko bara kunakoanguka sakitu, umande ulioganda kwa baridi, unastawi, lakini huku chini kuna joto, unyevu na upepo wa chumvi. Wa kijani unaweza kuvumilia, ukipata jua la asubuhi tu. Mwekundu wa majani membamba huungua.

Mke wangu alikuwa ameshapiga magoti mbele ya mwekundu.

Yule bwana akanigeukia, akashusha sauti. "Papa, umwambie mama. Ile nyekundu iko mzuri kwa macho, lakini hapa itamupa huzuni."

Nilisikia. Nilimwangalia mke wangu akishika jani kwa vidole viwili, kama anavyomshika mtoto mchanga kidole, na nikashindwa kufungua mdomo. Tukaondoka na mwekundu.

Tuliupanda upande wa mashariki, kwenye kivuli cha ukuta. Mke wangu aliweka matandazo ya majani makavu shinani, akafunga wavu juu ya vijiti, akamwagilia kabla na baada ya zamu. Katikati ya Desemba ncha za majani zikaanza kukauka. Krismasi ilipofika, mti mzima ulikuwa kahawia, majani yamejikunja kama karatasi iliyopita karibu na moto. Alikuwa akitoka kuuangalia akiwa bado na sare yake, na mimi nasimama mlangoni sina la kufanya. Niliongeza wavu. Nikapunguza maji, kisha nikayarudisha. Hakuna kilichosaidia.

Januari binti akapiga simu ya video mwenyewe, mara ya kwanza. Uso wake ulikuwa umekonda. Mama yake alizungukazunguka na maneno, mara chakula, mara baridi ya huko, kisha akasema kwamba ule mti tumeupanda. Binti akauliza mti gani. Mke wangu akatoka nje na simu, akamwonyesha.



"Mama," binti akasema, "mimi sikuwa na neno la kusema. Ndiyo maana nikatuma picha. Nilipiga tu kilichokuwa dirishani."

"Najua," mama yake akasema, ingawa hakujua.

Ndipo binti akalia. Alilia kwa sauti mpaka simu ikawa inakatakata, na mwanamke ambaye nimemsikia akiwatuliza wageni kwa lugha nne hakupata neno hata la lugha moja. Nikaichukua simu nikamshikia. Nilitaka kusema neno la baba kwa mtoto wake. Nikamwambia binti tu, "Tuko hapa, mama." Binti akasema anajua tuko huko.

Vibali vilitoka mwezi Mei. Siku hiyo hiyo mke wangu akamwandikia kwamba sasa tunaweza kuja. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, la upole kabisa: bado, tafadhali, si sasa.

"Basi tusubiri," nikamwambia.

"Tusubiri nini?"

Nikatazama nje dirishani. Mti ulikuwa umebaki vijiti. Sikujua kama ni kipukutiko cha majira ya baridi, ambayo huku huanza Mei, au umekufa, na sikuthubutu kukwangua gome kuangalia kama ndani bado kuna ubichi.  Mke wangu alivaa sweta juu ya sare, akanikumbusha kutoa nyama kwenye friji iyeyuke, akaenda kazini. Aliniambia baadaye kwamba usiku ule alipokea mapacha.