Sakafu Niliyoideki Kabla Haijakauka

Kosa langu la kwanza katika kazi hii ya vigae, mdogo wangu, lilikuwa kudeki sakafu ambayo saruji yake ilikuwa bado mbichi. Nakumbuka ilikuwa Alhamisi, mwaka 2015, kwetu mtaa wa Lower West Side, mjini Buffalo, Marekani. Jumamosi wageni wa posa ya dada yangu Neema walikuwa wanafika, nami nilikuwa nimeahidi kwamba watakuta sebule ina vigae. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa video za simu, wakati wa mapumziko kazini, nikirudia kila moja hadi macho yaniume.

Vigae vilikaa sawa. Nilivipima kwa uzi mara nne. Ikabaki kujaza saruji kwenye nafasi kati yake. Nilijaza sebule nzima kwa mpigo mmoja, kisha nikaona vigae vyote vimejaa uji wa kijivu. Nikaogopa wageni wangeona uchafu ule. Nikafanya nilichozoea tangu utotoni kule kambi ya wakimbizi, Kigoma: nikamwaga maji, nikainama na tambara, nikadeki kurudi nyuma hadi mlangoni.

Sakafu ikang'aa kwa dakika chache. Maji yalipokauka, mistari ya saruji ilikuwa imebonyea, na ukungu mweupe umetanda kila mahali.

"Kaka, umewachimbia wakwe bwawa la samaki?" Neema akauliza. Alicheka, kisha akaanza kung'ata kucha. Alipanda ghorofani kumwita jirani yetu, Mzee Bahati, aliyekuwa fundi wa vigae huko Bukavu, Kongo, kabla ya kuja huku kufunga maboksi kiwandani.

Mzee akasimama mlangoni, akasema kwa Kiswahili chao cha Bukavu chenye Kifaransa ndani, ambacho vigae huitwa karo. "Bon. Hii ni karo ama ni muto?"

"Nilitaka iwe safi, mzee."

"Donc, basi, uko unaosha kazi yako weye mwenyewe. Leta kijiti. Tukwangue hii ya kulainika, haiyakauka bado."

Tulikwangua hadi magoti yakafa ganzi. Ijumaa tukachanganya upya, nzito kama siagi ya karanga. Mzee alinipa eneo lisilozidi mkeka wa kulalia. Aliniagiza nisukume saruji kwa mwiko wa mpira, kwa mshazari, niondoe ziada papo hapo, halafu ningoje. Kungoja! Kila dakika nilinyoosha kidole kugusa, na kila mara alinishika kifundo cha mkono. Saruji ilipoacha kubonyea, ndipo akanipa sponji.

"Kamua," akasema. Nikakamua. "Kamua tena."

Jumamosi shangazi wa mchumba wa Neema alivua viatu, akavuka sebule, akaketi. Hakutazama chini hata mara moja. Nilikwenda jikoni nikaegemea friji hadi pumzi ikarudi.

Sina mvi, mdogo wangu, lakini hili nalijua: hofu yangu ya uchafu ndiyo iliyoleta uchafu. Jaza eneo dogo. Ngoja. Sponji isidondoshe hata tone, na maji ya ndoo yabadilishe mara kwa mara. Ukungu utakaobaki utaufuta baadaye kwa kitambaa kikavu. Mungu akupe mikono mitulivu, na mtu wa kukushika mkono unapoharakisha.

Karibu na mlango kuna mstari mmoja uliopauka kuliko mingine. Zamani nilikuwa nauwekea kiti juu ili usionekane. Siku hizi naupita tu.