Fundo la Mkaja wa Zuwena

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kazi yoyote. Mkunga Mkuu aliniketisha kwenye benchi la zahanati ya wazazi pale Temeke, akaniambia niweke mikono mapajani aione. Alikuwa mama wa bara, Mkristo, mwenye maneno machache. Aliitazama mikono yangu kama mtu anayechagua mchele.

"Unatumia upi?"

"Wa kushoto, mama. Nilichapwa sana chuo cha Kurani, lakini haukuacha."

"Usiuache. Mtoto mchanga hajali mkono, anajali kucha. Kata kucha, kesho uje."

Vita kubwa ya pili ilikuwa imekwisha, Mwingereza bado anatawala, na Temeke ilikuwa mikorosho na nyumba za udongo zilizoachana. Zahanati ile huwa inanijia kama ndoto ya mchana: joto la saa nane, harufu ya mafuta ya nazi, wazazi wamelala ubavu, na sauti ndogo za watoto wakimeza. Wakati mwingine nilisimama mlangoni na ufagio wangu nikasahau nilichokuja kufanya.

Mkunga Mkuu alinifundisha ziwa kabla ya kitu kingine. Ndani ya ziwa mna mirija, vijia vyembamba vinavyoleta maziwa kwenye chuchu. Mmoja ukiziba, maziwa hukwama nyuma yake, yakafanya kinundu kigumu chenye maumivu. Nyie wauguzi wa leo mna majina marefu ya jambo hili. Sie tulisema ziwa limeziba, na mzazi alituelewa. Dawa ilikuwa mikono: kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kupapasa taratibu kutoka kwenye kinundu kuelekea kwenye chuchu, kisha mtoto aanzie ziwa hilo hilo, kidevu chake kikielekea kwenye kinundu, maana huko ndiko anakovuta zaidi.

"Ziwa linalouma usilipumzishe," Mkunga Mkuu alikuwa akisema. "Likipumzika ndipo linapoharibika."

Sharti lake lilikuwa moja: mhudumu wa zahanati asiende majumbani kufunga mikaja. Mkaja ni kitambaa kirefu anachofungwa mzazi tumboni siku zake arobaini ili tumbo lirudi. Mkunga Mkuu hakuwa na ugomvi nao, ila alisema ukifungwa na mtu wetu watu watadhani ni amri yetu. Mwenye kuvunja sharti angefukuzwa. Nami, niseme kweli, nilikuwa fundi wa mkaja. Bibi yangu alinifundisha, na sifa zilinipanda kichwani.

Basi Bi Rehema, mke wa mwenye duka jirani yangu, akaniita siku binti yake Zuwena alipojifungua mtoto wa kwanza.

"Salima mwanangu, mfunge wewe. Nataka akitoka arobaini watu wasijue kama alizaa."

Niliuvuta mkaja hadi chini ya maziwa, nikakaza, fundo nikaliweka ubavuni.

"Da Salima, unanibana huku juu," Zuwena akasema.

Nikamcheka. "Vumilia, bibie. Kiuno hakiji chenyewe."

Baada ya siku chache ziwa lake la kushoto likaziba, kinundu chini kabisa. Mtoto akapungua. Bibi Daktari, Mwingereza aliyefika kila Ijumaa, alimpima akasema kama Ijumaa ijayo hajaongezeka, mama atapewa dawa ya kukausha maziwa na mtoto atanyweshwa ya kopo. Tulijua maana yake. Kopo lilikorogwa kwa maji ya kisima, na tulikwishazika watoto wa kopo. Zuwena alimfunika mwanawe kwa kanga, akalia bila sauti.

Kila asubuhi mimi na Mkunga Mkuu tulikwenda kwao na beseni la maji ya uvuguvugu. Bi Rehema, niliyekwisha kumwambia sharti letu, aliufungua mkaja kabla hatujafika, akauficha chini ya mto. Tulipapasa, kinundu kikalainika, mtoto akanyonya. Tukishaondoka, nilirudi peke yangu nikaufunga mkaja upya, tena kwa mapenzi. Kesho yake kinundu kipo pale pale. Nikasema ni kijicho cha watu. Yaani nilichokifungua asubuhi nilikifunga mwenyewe mchana, na sikuona.

Jumatano, mkaja nimekwisha kuufunga, Mkunga Mkuu akaamua turudi pia saa saba. Tulimkuta Zuwena amefungwa. Mkunga Mkuu alijaribu kupitisha vidole viwili chini ya mkaja, havikupita. Akafungua. Alama nyekundu ya kitambaa ilipita juu ya kinundu chenyewe.

"Nani kafunga?"

Nilikuwa mlangoni nimeshika beseni. Bi Rehema alinitazama. Alijua nina watoto wawili na sina mume.

"Mie," akasema.

Alikemewa mbele ya binti yake, mtu mzima yule, kwamba anamuua mjukuu kwa urembo. Niliona aibu, na bado sikusema kwamba ni mimi.

Mtoto alinyonya mchana ule ule, na jioni kinundu kikaisha. Ijumaa uzito ulikuwa umepanda. Bibi Daktari akasema "Vizuri," akamwita anayefuata.

Baadaye nilihamishiwa Kinondoni, kisha Kibamba, nikapanda hadi mkunga msaidizi. Kila nyumba niliyoingia, kabla hata ya kukaa, nilipitisha vidole viwili chini ya mkaja. Watu walidhani ni mafunzo ya serikali.

Nilipostaafu nilikwenda kumwamkia Mkunga Mkuu, mzee tayari, macho yamefifia. Nikamwambia yote.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Fundo lilikuwa limegeuka. Wa mkono wa kulia hafungi vile."

"Mbona hukunifukuza, mama?"

"Bi Rehema alishakubeba. Mimi nani nikushushe? Nilingoja useme mwenyewe. Nilidhani utachukua wiki moja."

Nililia njia nzima, kwa sababu Bi Rehema alikuwa amekwishafariki, na kila Idi alikuwa akiniletea sahani ya tambi bila kulitaja jambo lile hata mara moja. Zuwena yu hai, ana wajukuu. Haya nimemsomea yeye kwanza, kabla yenu, ili ajue kwamba mama yake alikemewa kwa fundo langu.